Chombo cha shaba cha babu: kisisuguliwe kwa ndimu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Chumbageni, Tanga. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi wa Mgiriki mmoja mwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967 yule bwana alifunga virago, akamwachia babu chombo cha maua cha shaba. Kina kimo cha sentimita 38, na mizani ya dukani ilisema kilo 6 na robo. Kimenakshiwa nyuso za mnyama mwenye macho makubwa, kina vishikio viwili vya vichwa vya tembo vyenye pete, na chini kina muhuri wa mraba wa herufi za Kichina. Begani kimeanza kutoa vidoa vya kijani. Binamu yangu anasema ni cha Wayunani wa kale kwa kuwa mwenyewe alikuwa Mgiriki. Mnunuzi wa vyuma chakavu kaja mara mbili. Anasema ni cha miaka elfu tatu, nisimwambie mtu, lakini anataka kukinunua kwa kilo. Mwezi ujao tuna harusi, na shangazi anataka kukisugua kwa ndimu, chumvi na majivu king'ae, kiwekwe ukumbini na maua. Ni kitu gani hasa hiki, na je, nimruhusu shangazi? Nimeambatisha picha tano.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Picha zako nimezitazama siku mbili, nyingine kwa kioo cha kukuzia. Nianze na shangazi kwa sababu harusi haingoji: tafadhali, asikiguse kwa ndimu, wala chumvi, wala majivu. Sababu nitakueleza, na ni ndefu kidogo, lakini hilo likubali leo hii. Kiweke mahali asipokifikia mtu, kisha urudi tuzungumze.

Cha Wayunani si chenyewe, ingawa namwelewa binamu yako. Wayunani wa kale walikuwa mafundi wakubwa wa vyombo vya shaba, ila njia yao ilikuwa nyingine. Tumbo la chombo walilifua kwa nyundo kutoka kwenye bamba hadi likawa jembamba, halafu vishikio na mguu wakavisubu pembeni, yaani kwa kumimina shaba iliyoyeyuka ndani ya kalibu ya udongo, kisha wakaviunganisha. Mwaka 1962, huko Derveni karibu na Thessaloniki, kilichimbuliwa chombo cha namna hiyo cha karne ya 4 kabla ya Kristo. Kina kimo cha sentimita 90 na uzito wa kilo 40 hivi, na rangi yake ni ya dhahabu bila kuwa cha dhahabu: fundi aliongeza bati ndani ya shaba hadi karibu asilimia 15, na rangi ikageuka yenyewe. Kuna kingine kilichopatikana Vix, Ufaransa, mwaka 1953, chenye mita 1.64, karibu kimo cha mtu mzima, kinachoweza kuchukua lita 1,100. Vyote viwili vilifuliwa. Chako kimesubiwa kizima na kuta zake ni nene. Chombo cha kimo kama cha hiki chako, kikiwa kimefuliwa kwa bamba, kwa kawaida hakifiki kilo 6.

Hizo nyuso ndizo zinazotaja kwao. Chukua kipande cha karatasi, uzibe nusu ya uso mmoja, kuanzia katikati ya pua. Utaona kwamba nusu iliyobaki si nusu ya uso tena. Ni mnyama kamili aliyesimama ubavu, kama joka mwenye mguu mmoja na mkia uliojikunja. Sasa hamisha karatasi uzibe upande wa pili: yuko mwenzake. Uso wote ni majoka mawili yaliyokutana pua kwa pua, na ndiyo maana hauna taya la chini. Mimi mtu aliponionyesha hilo kwa mara ya kwanza nilikaa nikifunika na kufunua mpaka chai ikapoa. Wasomi wa Kichina wa baadaye sana waliuita uso huo taotie, wakilitoa jina katika maandishi ya kale ambamo ni zimwi mlafi. Ile mistari ya kujiviringisha kwa pembe inayojaza nafasi zote nyuma yake huitwa nakshi ya radi.

Nakshi hizo ni za enzi ya Shang, iliyotawala kaskazini mwa Uchina kuanzia miaka 1600 hivi hadi 1046 kabla ya Kristo. Na umbo la chombo, shingo inayopanda na tumbo linalojaa kwa chini juu ya mguu mpana, Wachina waliliita hu. Kilikuwa chombo cha pombe ya nafaka, na vyombo vya aina hiyo vilitumika katika kutambikia wazee waliotangulia. Watu wa Shang waliweza kusubu vitu vikubwa mno. Chungu kimoja cha miguu minne kilichofukuliwa Anyang mwaka 1939 kina uzito wa kilo 832.

Kwa hiyo mnunuzi wako hakukosea yote. Sanaa iliyokizaa chombo hiki ina miaka elfu tatu. Chombo chenyewe hakina.

Tazama muhuri kwanza. Ni herufi sita katika safu mbili za tatu tatu, na zinasomeka "Da Ming Xuande nian zhi", yaani kimetengenezwa miaka ya Xuande ya dola tukufu ya Ming. Miaka ya utawala ya mfalme Xuande ilihesabiwa kuanzia 1426 hadi 1435. Sisi watu wa pwani tuna sababu ya kumkumbuka, kwa kuwa ndiye aliyetuma safari ya saba na ya mwisho ya merikebu za amiri Zheng He, zile zilizokuwa zikivuka Bahari ya Hindi. Katika safari za kabla yake, mwaka 1415, twiga kutoka Malindi alifikishwa Uchina. Hata tungeuamini muhuri huo neno kwa neno, chombo kisingezidi miaka 600 hivi. Mtu anayekwambia elfu tatu hajausoma, au ameusoma akanyamaza.

Lakini nami siuamini neno kwa neno. Vyetezo vya enzi ya Xuande vilipata sifa kubwa, na mafundi wa karne zote zilizofuata wakawa wanapiga jina lake chini ya vyetezo na vyombo vingine walivyotengeneza wenyewe. Muhuri huo uko chini ya maelfu ya vitu ambavyo Xuande hakuvijua.

Kisha tazama kazi yenyewe. Mafundi wa Shang hawakutumia njia tunayoifahamu zaidi huku. Waliunda mfano wa udongo, wakaukandikia udongo mwingine kwa nje, wakaukata ule wa nje vipande vipande, wakavichoma, halafu wakavipanga upya kuzunguka kiini na kuacha nafasi nyembamba katikati. Humo ndimo walimomimina shaba. Kila vipande viwili vilipokutana shaba ilipenya kidogo, na badala ya kuficha alama hizo mafundi wale waliziendeleza zikawa mapezi ya pambo yanayoshuka kutoka mdomoni hadi mguuni. Nakshi zao huheshimu mipaka hiyo. Kila uso una chumba chake. Kwako nakshi ya radi inazunguka bega lote bila kukatika, na hakuna pezi wala mshono. Hiyo ni kazi ya nta.

Njia ya nta nikueleze, kwa kuwa ndiyo iliyotengeneza pia vitu ambavyo ni vyetu. Fundi huunda chombo kizima kwa nta, na nakshi zote huzichonga humo, kwenye kitu laini kinachotii ukucha. Halafu hupaka udongo mwororo, tabaka juu ya tabaka, hadi nta imezikwa kabisa. Kalibu ikichomwa nta huyeyuka na kutoka kwa tundu, na ndani hubaki uwazi wenye umbo la chombo, mpaka mkunjo wa mwisho wa mkonga wa tembo. Shaba nyekundu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za sentigredi. Bati, linaloyeyuka kwa nyuzi 232 tu, hushusha joto hilo na kuufanya mchanganyiko utiririke hadi kwenye pembe ndogo ndogo za nakshi. Ikishapoa, udongo huvunjwa. Kalibu moja hutoa kitu kimoja, basi.

Katika picha yako ya nne, chini ya mkonga wa tembo wa kushoto, kuna kibonyeo cha ukubwa wa ncha ya kidole. Kipapase. Sidhani kama ni pigo, maana kingo zake ni za mviringo na laini, na nakshi iliyo ndani yake imelala badala ya kukwaruzwa. Nta ilibonyezwa na mtu alipokuwa akipachika kile kichwa, na shaba ikaja ikakinakili kidole chake. Hicho peke yake kingetosha kunifanya nimzuie shangazi.

Siwa ya shaba ya Lamu, ile baragumu ya watawala, ilisubiwa kwa nta vilevile. Na Afrika Magharibi, huko Igbo-Ukwu nchini Nigeria, mtu aliyekuwa akichimba birika la maji nyumbani kwake mwaka 1938 aliibukia vyombo vya shaba vya karne ya 9 hivi. Miongoni mwa vitu vilivyotoka sehemu hiyo kuna mtungi juu ya kigoda chake, umefungwa wavu wa kamba pande zote, na kamba yenyewe, hadi kila fundo, ni ya shaba. Ukibahatika kuiona picha yake itazame sana. Mtu akikwambia Waafrika hawakuwa na sanaa hii, utakuwa na la kumwonyesha.

Basi chako ni cha lini? Kwa ninavyokiona, ni cha Uchina wa mwisho wa enzi ya Qing, kati ya nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Kuna jambo moja nataka ulielewe vizuri kabla hujavunjika moyo. Wachina walianza kuiga vyombo vya Shang tangu enzi ya Song, iliyodumu mwaka 960 hadi 1279. Wakati huo vyombo vya kale vilikuwa vikifukuliwa makaburini, na wafalme na wasomi walivikusanya, wakavichora, wakayasoma maandishi yake, na mafundi wakasubu vipya kwa kufuata michoro hiyo. Waliokuja baada yao waliendelea hivyo hivyo kwa miaka mia kadhaa, kwa ajili ya madhabahu za wazee, kwa ajili ya meza za wasomi, na ndiyo, kwa ajili ya maua. Chombo kilichokuwa cha pombe ya tambiko kikageuka kuwa cha maua kwao huko huko, zamani sana. Fundi wa milango akichonga leo ua lile lile alilochonga babu yake, hapa Tanga au kule Bagamoyo, hatumwiti mwongo. Tunasema kazi ya wazee inaendelea. Uongo huanza pale muuzaji anapofungua mdomo.

Hadi Muheza kilipitia Ulaya, na ushahidi wake uko katika picha ya tano. Karibu na mguu, upande wa nyuma, kuna kitobo cha unene wa penseli kilichozibwa kwa kitu cheusi. Nimeshaviona vingi. Umeme ulipoingia majumbani, Wazungu walizipenda sana taa za mezani zilizotengenezwa kwa vyombo vya Kichina na Kijapani. Walitoboa chini, wakapitisha waya, wakaweka kofia ya taa juu. Ndiyo maana pia mdomo wa chombo una duara lililochujuka, pale palipokaa kifuniko cha taa. Baadaye mtu akakirudishia kazi yake ya maua, akaziba tundu. Kumbuka kitobo hicho, tutakirudia.

Madini yake nayo yananiridhisha. Huku Tanga nimeletewa mara kadhaa vyombo vya zamani vinavyofanana na shaba kumbe ni zinki iliyopakwa shaba juu, bidhaa ambayo Wajerumani waliimudu sana katika karne ya 19. Zinki ikikwaruzika ndani ni ya kijivu. Ukingo wa mguu wa chako umelika kwa kuburuzwa mezani, na pale palipolika pana rangi ya manjano iliyokolea. Sisi kwa kawaida tukisema shaba tunajumlisha: kuna shaba nyekundu peke yake, kuna ile ya manjano iliyochanganywa na zinki ambayo ndiyo ya masinia yetu, na kuna bronzi, iliyochanganywa na bati. Mafundi wa Ming na Qing mara nyingi walitia zinki na risasi pamoja na bati, kwa hiyo chako yawezekana kiko katikati. Kwa utunzaji haibadilishi kitu.

Sasa vidoa. Hapa ndipo penye shida ya kweli, na ningeomba usome polepole.

Chombo chako kina vijani viwili tofauti. Kimoja kimekaa ndani ya mifereji ya nakshi, cheusi cheusi, kigumu, kimeshikana na shaba. Hicho aliweka fundi mwenyewe kwa dawa na moto, ili chombo kifanane na vile vilivyotoka ardhini. Ni sehemu ya kazi yake kama nakshi zilivyo sehemu ya kazi yake, na ndicho cha kwanza ambacho ndimu ingekiondoa. Kijani cha pili ni vile vidoa vya begani: vya rangi ya mpauko, vya unga, na wewe mwenyewe umeandika chini ya picha kwamba ukivifuta vinabaki kidoleni na baada ya wiki vinarudi. Huo tunauita ugonjwa wa shaba.

Unasababishwa na chumvi. Kloridi iliyo ndani ya chumvi hushikana na shaba chini ya ngozi ya chombo, ikawa kitu cheupe cha nta nta ambacho huwezi kukiona. Hapo hutulia mpaka ipatikane hewa yenye unyevu. Unyevu na oksijeni vikikifikia, hugeuka kuwa ule unga wa kijani na kutoa asidi ya haidrokloriki. Asidi hiyo hula shaba nyingine, inatengeneza kloridi nyingine, nayo inangoja unyevu mwingine. Ugonjwa hauhitaji chumvi mpya. Ile ya kwanza inajizungusha. Panapokuwa na unyevu wa chini ya asilimia 40 hivi ugonjwa hulala. Hewa yetu ya pwani hukaa juu ya kiwango hicho mchana na usiku, na upepo wa baharini huleta chumvi nyingine bila kuombwa.

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilikabidhiwa chetezo cha shaba kutoka nyumba moja ya Pangani. Nilikisafisha kama nilivyoona wakifanya nyumbani kwetu, kwa ndimu iliyochovywa chumvi, na majivu ya mwisho. Kiling'aa, wenyewe wakanishukuru, nami nikajiona fundi. Masika yalipopita kilirudishwa. Ukingoni palikuwa na aya iliyochongwa kwa mkono, herufi nyembamba, na ndani ya mistari ile ile palikuwa na vishimo vya unga wa kijani. Herufi nne hazikusomeka tena. Ndimu ilikuwa imeifungua ngozi ya chetezo, chumvi ikaingia, na mimi ndiye niliyeiingiza. Chetezo hicho bado ninakikumbuka kila ninapoambiwa "tutakisugua kidogo tu". Majivu nayo yana mchanga wake: kila yakipita, ncha za nakshi zinapungua, na hakuna wa kuzirudisha.

Utafanya hivi. Nunua maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri za magari. Soma lebo kwa makini kwa sababu dukani hukaa jirani na asidi ya betri, na chupa zake hufanana. Vaa glavu, au shika kwa kitambaa safi cha pamba, maana jasho la mkono ni chumvi. Chukua kijiti cha meno cha mti, usichukue sindano wala kisu, ukwangue unga wa kila kidoa taratibu mpaka utoke, na chini yake uweke karatasi ili unga usimwagikie kwingine. Kisha chovya pamba katika yale maji, ulowanishe pale pale palipokwanguliwa, uinue, ubadilishe pamba. Rudia mara kumi na zaidi. Usikitumbukize chombo kizima ndooni. Kausha hapo hapo kwa kitambaa, halafu kwa mashine ya kukaushia nywele ikiwa katika moto mdogo, mpaka shaba iwe vuguvugu mkononi na mifereji yote iwe mikavu.

Baada ya hapo kitie ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba. Vitafute vingi, ishirini au thelathini, visiwe vilivyokwisha kunywa maji. Kama una wasiwasi, waombe wauza viatu vya boksi, wao huvitupa. Funga ndoo, uiache wiki tatu. Ukifungua usione unga mpya, ugonjwa umelala. Ukiona umerudi mahali palepale, usiendelee peke yako. Ipo dawa iitwayo benzotriazoli ambayo watunzaji wa makumbusho huitumia kufunga shaba isiendelee kuliwa, lakini ni sumu, na haifai kutumiwa mezani penye watoto. Hapo kilete kwa mtu wa kazi.

Kikiwa kizima kinahitaji nta nyembamba: isiyo na rangi, isiyo na mchanga wa kung'arishia. Ipake kwa kitambaa chombo kikiwa vuguvugu, ngoja, kisha futa mpaka kisinate. Usipake mafuta ya nazi. Najua ndiyo yaliyo karibu, na siku ya kwanza chombo kitapendeza, lakini asidi za mafuta hushikana na shaba na kutengeneza utando wa kijani unaonata, utakaokusanya vumbi la chumvi. Na usikisimamishe juu ya mpira. Salfa iliyomo itakiwekea duara jeusi. Kitambaa cha pamba kinatosha. Mahali pake ni mbali na dirisha linalotazama bahari, na mbali na jiko.

Kuhusu mnunuzi wa vyuma chakavu sina maneno mengi. Akikinunua kwa kilo kitaishia kwenye kalibu, au yeye mwenyewe atakiuza kwa mwingine kama kitu cha miaka elfu tatu, na yote mawili ni hasara kwako. Kingekuwa kimetoka ardhini hapa kwetu, kwa mfano kwenye magofu kama ya Tongoni, ningekwambia jambo jingine kabisa: vitu vya namna hiyo vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na anayeviokota anapaswa kutoa taarifa serikalini. Chako kimetoka mkononi mwa babu, kwa hiyo ni cha familia. Andika habari zake kwenye karatasi: babu alikuwa nani, alimpikia nani, shamba lilikuwa wapi, alipewa mwaka gani. Kama mama yako yu hai, muulize leo usiku anachokumbuka, na uandike kwa maneno yake. Karatasi hiyo ikae ndani ya bahasha pamoja na picha zako tano, isikae ndani ya chombo.

Na maua ya harusi? Yaweke, ila maji yasiguse shaba. Kitobo kile kimezibwa kwa nta kuukuu ambayo haitastahimili usiku mmoja wa maji, na maji ya maua yaliyokaa ni chakula cha ugonjwa ule ule. Tafuta chupa ya plastiki nyembamba inayopita shingoni, kata juu, tia maji humo, panga maua yako, kisha uishushe ndani. Harusi ikiisha itoe usiku huo huo, usingoje asubuhi. Kama wiki tatu za ndoo hazitatimia kabla ya siku yenyewe, basi maua yawe ya kitambaa, au chombo kikae ukumbini kitupu.

Shangazi naye usimnyime kazi. Masinia ya shaba, mdila wa kahawa na birika la kunawia mikono, hivyo vilitengenezwa ving'ae, na ndimu imevipitia tangu enzi za bibi zake. Avisugue apendavyo, avioshe kwa maji mengi baridi ya bomba, avikaushe juani siku hiyo hiyo. Hicho cha babu kikae kando yake kikiwa na weusi wake. Ukikaa vizuri na taa, zile nyuso zitaonekana toka mlangoni.